Gitaa Linalotengenezeka Ulipo

Mtu aliyeacha gitaa kwa miaka mingi, akashikwa na hamu ya kulirudia, hukabiliwa na suala la ununuzi kabla vidole havijagusa uzi. Kazi imemtulia, watoto wamekua, fedha kidogo imebaki, na moyo unamvuta moja kwa moja kwenye chombo alichokitamani ujanani akakikosa. Kwa wengine chombo hicho ni gitaa la umeme la bendi. Kwa wachache, na hao ndio wenye mahaba makali zaidi, ni gitaa la pedali, lile linalolala kama meza juu ya miguu yake na kulia kwa sauti ya kuteleza ambayo wapenzi wa nyimbo za Jim Reeves wanaijua tangu enzi za redio za betri. Nadai katika sura hii kwamba kwa mkazi wa Kolwezi, Likasi, Fungurume au mji wowote wa ukanda wa shaba wa Lualaba na jirani zake, kipimo cha kwanza cha kuchagua chombo si chapa, si bei, wala si utamu wa sauti siku ya kukinunua. Kipimo ni kama chombo hicho kikiharibika kitatengenezeka hapo hapo mjini. Mengine yote, hata yale yanayopendwa kujadiliwa na wapigaji, yanakuja baada ya hilo.

Tuanze na gitaa la pedali lenyewe, maana halifahamiki vizuri hata kwa watu wanaolipenda. Asili yake ni Hawaii, ambako mwishoni mwa karne ya 19 kijana Joseph Kekuku alianza kupiga gitaa likiwa limelala, akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole. Marekani ilipagawa na mtindo huo baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco ya mwaka 1915, na sahani za santuri zikausambaza dunia nzima. Gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio, lile la Rickenbacker la mwanzoni mwa miaka ya 1930, lilikuwa la kulaza mapajani kwa mtindo huo huo. Pedali zikaja baadaye. Bud Isaacs alipokanyaga pedali katikati ya noti kwenye wimbo wa Webb Pierce uliovuma mwaka 1954, wapigaji wa Nashville walisikia kitu kipya: nyuzi mbili zinapanda na ya tatu imetulia. Tangu hapo chombo kimekuwa mashine kamili. Gitaa la kawaida la leo lina nyuzi 10, pedali 3 au zaidi, na nyenzo nne au tano zinazosukumwa kwa magoti. Kila pedali huvuta fimbo ya chuma, fimbo huzungusha kikono kidogo chini ya daraja, na uzi hukazwa au kulegezwa kwa kiasi kilichopimwa kabisa. Kiasi hicho kikipotea kidogo tu, kila koda inachacha.

Wala si kweli kwamba chombo hiki ni cha Wazungu wa Nashville peke yao. Demola Adepoju alikiingiza katika bendi ya King Sunny Adé huko Nigeria, kikaoana na ngoma za jùjú kana kwamba kilizaliwa Lagos, na mwaka 1986 alisikika katika albamu ya Paul Simon, Graceland. Na Kongo nayo ilionja tone la Hawaii mapema: Zacharie Elenga, aliyejulikana kama Jhimmy, aliiteka Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya sasa, karibu na mwaka 1950 kwa gitaa lililofuata mtindo huo. Kwa hiyo anayekitamani akiwa Kolwezi hana haja ya kuomba radhi. Swali ni kama kitaishi mkononi mwake.

Hapo ndipo historia ya Katanga, mkoa wa zamani uliojumuisha Lualaba, inapotoa ushahidi ambao wapenda gitaa wengi wanausifu bila kuuchambua. Mwenda Jean-Bosco alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika nchi ya Wayeke ambayo leo iko ndani ya jimbo la Lualaba. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, ndiyo Likasi ya sasa, na wimbo wake Masanga ukaenda mbali kuliko alivyowahi kwenda Mkongo yeyote wa wakati ule akiwa na gitaa peke yake. Mtaalamu David Rycroft aliona muziki huo unastahili kuandikwa noti kwa noti, akachapisha uchambuzi wake mwaka 1961 na 1962. Édouard Masengo na Losta Abelo walikuwa wapigaji wa wakati huo huo, na Masengo pamoja na Mwenda walipofika Nairobi waliacha alama kwa kizazi kizima cha wapigaji wa Kenya. Sasa tazama walikuwa na nini mikononi: gitaa kavu la nyuzi sita za chuma, kidole gumba kikitembea kwenye besi na kidole cha shahada kikichukua wimbo. Hakuna umeme, hakuna kipaza sauti, hakuna mpigaji wa pili. Chombo hicho kilifaa kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, kilifaa baa, kilifaa safari ya treni, na kilipopasuka kilipakwa gundi na kuendelea.

Ubora wa vyombo hivyo ulikuwa wa chini, na jambo hilo lina uzito katika hoja yangu. Kampuni ya Gallo ya Johannesburg iliyotoa sahani za Mwenda ilikuwa pia ikiuza magitaa ya bei nafuu kwa jina la Gallotone. Moja ya magitaa hayo, aina ya Champion iliyotengenezwa Afrika Kusini, lilifika Liverpool na kuwa gitaa la John Lennon alipokuwa na umri wa miaka 16. Ndani yake kulikuwa na kibandiko cha kuhakikisha kwamba halitapasuka. Watengenezaji walijua wanamuuzia nani: mtu anayeishi mahali penye jua kali na kiangazi kikavu, asiye na duka la vyombo vya muziki karibu. Ahadi yao ya kwanza kwa mnunuzi ilihusu uhai wa mbao, sauti ikafuata. Naona walikuwa na hekima kuliko wauzaji wengi wa leo.

Atatokea wa kunijibu kwamba hayo yalikuwa ya miaka ya 1950, na kwamba Kolwezi ya sasa ni mji wa madini unaolisha dunia. Ni kweli, na gitaa la umeme lenyewe ni mtoto wa ardhi hii kwa namna ambayo wapigaji wachache wanaifikiria. Ndani ya kila pikapu, kile kinasa mtetemo kilichopo chini ya nyuzi, kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele wa watu wengi, umezungushwa mara elfu kadhaa kuzunguka sumaku. Sumaku bora za magitaa ya zamani ni za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti, shaba na chuma. Ile inayoitwa alniko namba 5 ina kobalti kiasi cha asilimia 24. Kobalti hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka Katanga. Mei 1978 wapiganaji walipoingia Kolwezi kutoka Angola, na askari wa Ufaransa wakashuka kwa miavuli, bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa ndani ya muda mfupi, na viwanda vya spika vikaacha alniko kwa wingi na kuhamia sumaku za kauri. Wapigaji wa Marekani na Ulaya ambao hadi leo wanatafuta spika za kabla ya wakati huo kwa bei kubwa wanatafuta, wakijua au wasijue, matokeo ya vita vya Kolwezi.

Lakini kuwa na madini hakumpi mkazi wa Kolwezi umeme wa kuaminika. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yaliyojengwa juu ya mto Lualaba miaka ya 1950, na baadaye njia ya umeme ya takribani kilomita 1,700 kutoka Inga iliyofika Kolwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, yalijengwa kwa ajili ya migodi. Nyumba za watu hupata kinachobaki, na katika mitaa mingi jioni hupita gizani. Gitaa la pedali bila amplifaya ni fremu ya mbao na chuma inayonong'ona. Mtu anayerudi kwenye mazoezi baada ya miaka 15 anahitaji zaidi dakika 20 kila siku kuliko saa tatu za Jumamosi, na dakika hizo 20 hazipaswi kungoja mkondo wa umeme urudi.

Hata hivyo nisiutendee mji huu haki nusu. Watu husema Kolwezi hakuna mafundi wa magitaa, na wakitafuta duka lenye maandishi hayo juu ya mlango kwa kweli ni shida kulipata. Wanachosahau ni kwamba karibu karne nzima ya uchimbaji imeacha hapa aina ya ustadi ambayo miji mingi mikubwa ya Afrika ya Mashariki ingeionea wivu. Kuna wakereza vyuma, kuna mafundi wa kuchomelea, kuna wanaosuka upya mota zilizoungua, kuna wenye mkono wa kusawazisha chuma kwa faili mpaka kifiti bila kucheza. Gitaa ni mbao, chuma, waya na gundi. Freti iliyochomoka ni kazi ya nyundo ndogo na faili. Funguo za kukazia nyuzi zikiisha meno, mkereza anaweza kutengeneza kishikio kipya. Seremala anayeujua mninga wa misitu ya miombo anaweza kuchonga daraja jipya likashika kuliko lile la kiwandani. Ugumu unakuja kwenye vitu viwili: nyuzi zenyewe, ambazo lazima ziagizwe, na waya wa pikapu, ambao ni mwembamba mno ukilinganishwa na waya wa mota. Fundi wa mota anaweza kuuzungusha, ila atahitaji uvumilivu wa aina nyingine na kifaa cha kuhesabu mizunguko. Chora mstari hapo. Upande mmoja kuna gitaa kavu, ambalo karibu kila kasoro yake inaponyeka Kolwezi. Upande wa pili kuna gitaa la pedali, ambalo fremu na fimbo zake zinaweza kutengenezwa vizuri mno na wakereza wa mji huu, lakini uzi wake wa tatu, mwembamba na wenye kukazwa kila mara, hukatika mara kwa mara na unauzwa mbali sana.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka makanisani. Kwaya na vikundi vya kusifu vya Lualaba vinapiga magitaa ya umeme, sebene imeshaingia ibadani, na anayerudi kwenye gitaa mara nyingi anataka kurudi kati ya watu, asibaki peke yake kibarazani. Kumwambia anunue gitaa kavu kunaonekana ni kumtenga. Najibu kwamba kanisa lenye bendi kwa kawaida lina magitaa yake na amplifaya yake, na kinachokosekana ni mpigaji mwenye vidole vilivyo tayari. Vidole hivyo huandaliwa nyumbani. Tena gumba la Mwenda, lile linaloshika besi bila kuyumba huku kidole cha pili kikizungumza, ni mazoezi bora kwa yeyote atakayepiga sebene, kwa sababu linamfundisha kusikia sehemu mbili kwa wakati mmoja. Anayetoka kwenye gitaa kavu kwenda kwenye la umeme anakuta nyuzi laini na shingo nyembamba. Safari ya kinyume chake huumiza.

Pingamizi la pili husema chombo cha bei ndogo huua hamu. Hili ni nusu kweli, na nusu hiyo inafaa kuelezwa kwa makini kwa sababu hapa ndipo fedha za watu hupotea. Kinachoua hamu ni gitaa lililorekebishwa vibaya, na gitaa la namna hiyo linapatikana katika kila bei. Ukiwa mbele ya muuzaji, lishike gitaa kama mtu anayelenga shabaha na uangalie shingo kutoka upande wa daraja: lazima inyooke, au iwe na mpindo mdogo sana. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na kwenye ile inayokutana na mwili. Katikati pabaki nafasi ndogo ya kupitisha karatasi. Kwenye freti ya 12 nyuzi zisipande zaidi ya milimita 3 juu ya chuma cha freti, vinginevyo mkono uliozoea kazi nyingine utachoka ndani ya wiki moja. Piga kila uzi kwenye kila freti, polepole, bila kuona haya mbele ya muuzaji, ukisikiliza mkwaruzo. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuubana utoe mlio mwepesi wa kengele, na uulinganishe na noti inayotoka ukiubana hapo hapo. Zikitofautiana sana, gitaa hilo halitakubaliana na nafsi yake daima. Tazama kama daraja limeinuka kutoka kwenye uso wa mbao. Kuhusu mbao zenyewe, wataalamu watakuambia ubao mzima unaimba kuliko ubao wa tabaka, na wako sahihi. Lakini Kolwezi iko juu, katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,400, na kati ya Mei na Septemba hewa hukauka kabla ya mvua kurudi na unyevu wake. Ubao mzima mwembamba hupasuka katika mabadiliko hayo usipotunzwa kwa uangalifu. Ubao wa tabaka huvumilia. Kwa anayerudi, ningechagua uvumilivu.

Limebaki pingamizi la yule mwenye mahaba. Anasema: mimi sitaki gitaa kavu, nataka ile sauti ya kuteleza, na wewe unanipa chombo kingine kabisa. Hapa naona watu wanakata tamaa mapema bila sababu, kwa kuwa gitaa kavu la nyuzi za chuma linageuka gitaa la kutelezesha kwa kazi ya nusu siku. Kinachohitajika ni kipande kidogo cha mfupa au chuma cha kuinua nyuzi mwanzoni mwa shingo mpaka ziwe juu ya freti kwa karibu milimita 9, na kipande cha chuma kisichoshika kutu, chenye kipenyo cha milimita 22 na urefu wa sentimita 8 au zaidi kidogo, kilichokerezwa na kusuguliwa mpaka king'ae. Mkereza yeyote wa Kolwezi anayefanya kazi za migodini anaweza kutoa kipande hicho kwa usahihi ule ule wa viwanda vya Marekani. Nyuzi zilegezwe kufuata koda ya D au G, zisikazwe kupanda E au A, maana gitaa la kawaida halikujengwa kubeba mvuto huo wa ziada. Gitaa hilo halitakuwa na pedali, na sitadai kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Ila mambo mawili magumu zaidi ya gitaa la pedali, yaani kuweka chuma mahali hasa pa noti bila freti ya kukusaidia, na kuzima nyuzi zisizohitajika kwa kiganja cha mkono wa kulia, yote mawili yanafundishwa na gitaa hili kikamilifu. Wapigaji walifanya kazi hiyo miongo kadhaa kabla ya pedali kubuniwa. Kipande cha kuinua nyuzi kikiondolewa, gitaa linarudi kuwa la Mwenda jioni hiyo hiyo.

Wapo wanaosema mtindo wa Katanga umekufa na hakuna wa kuufundisha. Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia, na wapigaji wa kizazi chake wameondoka. Lakini rekodi zipo, uchambuzi wa Rycroft upo, na mpigaji Mwingereza John Low, aliyekuja Shaba, jina la Katanga la wakati ule, kujifunza kwa wazee hao, alichapisha shajara ya safari yake Vienna mwaka 1982. Mtu aliyetoka mbali aliweza kukaa chini na kufuata vidole vya Wakatanga. Anayetoka Bunkeya au Kolwezi, anayeielewa lugha ya nyimbo hizo bila mkalimani, ana mwanzo mzuri zaidi. Na mikono inayorudi haianzi sifuri. Tangu Hermann Ebbinghaus alipochapisha majaribio yake mwaka 1885 inajulikana kwamba kujifunza upya kitu kilichosahauliwa huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza, na ingawa yeye alipima maneno yasiyo na maana na wala hakupima muziki, walimu wa vyombo hushuhudia jambo hilo hilo kwa vidole. Kinachochelewa ni ngozi ya ncha za vidole, na hiyo hudai wiki kadhaa za nyuzi nyepesi na vipindi vifupi.

Basi nunua gitaa kavu la nyuzi za chuma, la ubao wa tabaka, shingo imenyooka, nyuzi namba 11 au 12, na pamoja nalo seti nne za nyuzi za akiba, kwa kuwa hizo ndizo Kolwezi haiwezi kukutengenezea. Peleka mchoro wa kipande cha chuma kwa mkereza wiki hiyo hiyo. Baada ya mwaka mmoja, kama kuteleza bado kunakuita na sikio limeanza kudai ile noti inayopanda katikati ya koda, agiza gitaa la pedali la aina rahisi, lenye pedali 3 na wenzo mmoja au nyenzo mbili za goti, na uagize nyuzi za tatu dazeni nzima. Mafundi wa kulitunza utakuwa umeshawajua kwa majina.